Chipsi zinazolegea na kuwa nyeusi: jibu kwa muuza chipsi wa Moshi

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina kibanda cha chipsi hapa Moshi, karibu na stendi. Viazi nachukua soko la Mbuyuni kwa gunia, na vingine naviweka kwenye friji visiharibike. Chipsi zikitoka kwenye karai ni nzuri, ila mteja akishakaa tu zimelegea. Halafu msimu huu wa baridi zinatoka nyeusi nyeusi nje na ndani bado hazijaiva. Nimeambiwa nitie unga wa ngano, wengine wanasema amira. Wale wenye migahawa mikubwa ya kuku na chipsi wanafanyaje hadi zinakaa kavu vile? Na mafuta yapi ni bora?

Jibu: Marahaba dada yangu, na pole na kazi. Umeuliza mambo kadhaa kwa mpigo, lakini shina lake ni moja: maji. Kiazi kibichi ni maji kwa takribani robo tatu au zaidi ya uzito wake, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni wanga. Kukaanga chipsi ni kuyafukuza maji ya juu mpaka libaki gamba kavu, huku maji ya ndani yakiuivisha wanga uwe laini. Ukianza na kiazi chenye maji mengi na sukari nyingi, hakuna fundi wa karai atakayekusaidia. Kwa hiyo unga na amira viweke pembeni. Unga utashika juu ya kiazi kilekile kibaya, nusu yake utadondoka kwenye mafuta, utaungua, na mafuta yatakuwa meusi kabla ya saa sita mchana.

Naanza na weusi, maana hapo kosa lina jina: friji. Kiazi ni kiumbe hai hata kikiwa ndani ya gunia. Kikikaa siku kadhaa kwenye ubaridi wa chini ya nyuzi 8 hivi, huanza kuubadilisha wanga wake kuwa sukari. Friji ya nyumbani iko kwenye nyuzi 4 au 5. Sukari hizo, hasa glukosi na fruktosi, zikikutana na joto kali pamoja na asidi amino za kiazi, yaani vijenzi vya protini, hugeuka kahawia upesi sana. Ndiyo maana nje panaungua ndani hapajaiva: hujakosea moto, sukari imewahi. Isitoshe, viazi vingi vinavyoletwa huku kutoka Njombe au miteremko ya West Kilimanjaro vimekulia kwenye ubaridi, na kiazi kinaweza kuongeza sukari kikiwa bado ardhini usiku ukiwa wa baridi kali. Ukikiongezea na friji, unakimaliza.

Tena hili si la rangi peke yake. Mwaka 2002 wanasayansi wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vinavyokaangwa au kuokwa kwa joto kali hutengeneza kemikali iitwayo akrilamaidi, inayohofiwa kusababisha saratani. Hutokana na sukari hizohizo zikiungana na asparajini, mojawapo ya asidi amino hizo, ambayo kiazi kinayo kwa wingi. Chipsi ya rangi ya dhahabu ina kidogo, chipsi ya kahawia iliyokolea ina nyingi. Usimuuzie mtoto wa mtu chipsi nyeusi ukidhani ni ubaya wa sura tu.

Dawa yake ni rahisi. Vitoe viazi vyote kwenye friji, vitandaze juu ya chaga au kreti mahali pakavu, penye kivuli na upepo, joto la nyuzi 15 hadi 20, uviache wiki mbili. Sehemu kubwa ya sukari hiyo itarudi kuwa wanga au itatumiwa na kiazi chenyewe kinapopumua. Moshi hali ya hewa ya ndani ya nyumba inafaa kabisa kwa kazi hiyo mwezi wa Julai. Ila vifunike na gunia visipigwe na mwanga. Kiazi kikianikwa juani kwenye meza ya soko hugeuka kijani, na pamoja na ule ukijani huja solanini, sumu ambayo mafuta ya moto hayaiondoi. Chenye doa dogo la kijani kata pande nene utupe, kilichoenea kijani tupa chote. Lakini viazi ulivyokwisha kumenya na kukata, ukavilaza usiku mmoja ndani ya maji kwenye friji, hivyo havina neno. Usiku mmoja hautoshi kujaza sukari, na maji yenyewe yanaivuta itoke.

Kuna kisa cha Marekani kinachofaa hapa. Ndugu wawili wa McDonald walikuwa na mgahawa San Bernardino, California, ukingoni mwa jangwa, na chipsi zao zilisifiwa kuliko hata nyama yao. Ray Kroc, mfanyabiashara aliyepata kibali cha kutumia jina na mtindo wao, alipofungua tawi lake Des Plaines, Illinois, mwaka 1955, alifuata kila hatua aliyoonyeshwa, lakini chipsi zikatoka hazina ladha. Alihangaika mpaka alipozungumza na wataalamu wa viazi, ndipo tofauti ikaonekana. Wale ndugu walikuwa wanahifadhi viazi nje kwenye mapipa yenye wavu, upepo mkavu wa jangwani unapita katikati, viazi vinapungua maji na sukari yake inageuka wanga bila wao kujua. Kroc alikuwa anaviweka chini, kwenye chumba cha ardhini. Akafunga feni kubwa ivipulizie, na chipsi zikarudi. Feni, dada, si kiungo cha siri. Kampuni iliyokuja kuenea dunia nzima ilitengemaa kwa kuhifadhi viazi vizuri kabla ya kuvikaanga.

Sasa twende sokoni, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo pesa yako inapopotelea. Usiulize kiazi kikubwa au kidogo tu, uliza kimekomaa? Kiwekee kidole gumba ukisugue. Ganda likichunika kirahisi, kiazi kimeng'olewa kabla ya wakati: maji mengi, sukari nyingi, wanga mchache. Kwa mboga ya rojo kinafaa, kwa chipsi hapana. Wakulima hung'oa mapema bei inapopanda, na mvua za masika nazo hujaza maji kwenye viazi, kwa hiyo kuna wakati gunia lote linakuwa hivyo. Kikate kimoja katikati, ukisuguanishe vipande. Vikigandana na kuacha povu jeupe zito, wanga upo. Vikiteleza na kutiririsha maji, ondoka. Aina za kienyeji hubadilika majina kutoka soko hadi soko, kwa hiyo jina nisingeliamini sana. Kipimo ndicho nitakachokiamini.

Na kipimo kipo, cha chumvi. Chukua lita moja ya maji, yeyusha humo gramu 120 za chumvi, tumbukiza viazi vitatu au vinne vilivyooshwa. Kinachozama kina wanga wa kutosha kwa chipsi. Kinachoelea ni cha maji, kipeleke kwenye mchuzi. Viwanda hupima jambo hilohilo kwa vyombo vyao, wakitaka kiazi ambacho angalau sehemu 20 kati ya 100 za uzito wake si maji. Nenda Mbuyuni na ndoo ndogo ya maji ya chumvi, muuzaji atashangaa mara ya kwanza, mara ya pili atakuchagulia mwenyewe. Ukiweza nunua kwa mizani. Lumbesa inamuonea mkulima, na wewe pia inakuletea viazi vilivyominywa na kuchubuka, vya mashamba matatu ndani ya gunia moja, kila kimoja kinaiva kwa wakati wake.

Labda unakumbuka Januari 2022, jirani zetu wa Kenya walipochachamaa kwa sababu matawi ya KFC yaliishiwa chipsi wakati mashamba yao yamejaa viazi. Kampuni ilikuwa inaagiza chipsi zilizogandishwa kutoka Misri, na meli zikachelewa. Watu walikasirika, na walikuwa na haki ya kuuliza. Lakini jibu la kitaalamu ni kwamba mgahawa wa namna ile haununui viazi, unanunua kazi iliyokwisha kufanyika: kiazi cha aina moja chenye kipimo kinachojulikana cha wanga, kilichokatwa, kuchemshwa kidogo, kukaushwa, kukaangwa kidogo na kugandishwa. Hapo sasa ndipo penye jibu la swali lako la migahawa mikubwa. Kiwandani kiazi hutupwa kwa nguvu ya maji kupita kwenye visu, vipande vikatoka sawasawa. Hulowekwa kwenye maji ya moto ili sukari ya ziada itoke, hupitishwa mara nyingi kwenye dawa inayozuia viazi kupata rangi ya kijivu, pengine na sukari kidogo ya kipimo ili rangi ifanane. Halafu hukaangwa muda mfupi na kugandishwa. Mgahawani wanakaanga kama dakika tatu tu na kutoa. Kwa hiyo chipsi ile imekaangwa mara mbili: mara ya kwanza kiwandani, ya pili mbele ya mteja. Na kule kugandisha kunasaidia, maana barafu hutoboa kuta za chembe za kiazi na maji hupata njia ya kutoka upesi. McDonald's walianza kuhamia kwenye viazi vilivyogandishwa miaka ya 1960, wakishirikiana na mfanyabiashara wa viazi J. R. Simplot wa Idaho.

Hayo yote unaweza kuyafanya hapo kibandani, isipokuwa friza kama huna.

Kata vipande vya unene wa sentimita moja, au pungufu kidogo ukipenda ukavu mwingi. La muhimu ni vifanane. Kipande chembamba kikiwa na mnene kwenye karai moja, kimoja kitaungua kikimsubiri mwenzake. Mashine ya mkono ya kukatia inalipa gharama yake haraka kwa sababu hii, kuliko hata kwa sababu ya kasi. Osha kwa maji baridi mara mbili au tatu mpaka yasiwe meupe. Ule weupe ni wanga uliotoka kwenye chembe zilizokatwa, ukibaki utashikamanisha chipsi na kuungua upesi.

Kisha hatua ambayo wengi wanairuka: maji ya moto. Chemsha maji, changanya vipimo vitatu vya maji yanayochemka na kimoja cha maji baridi, tumbukiza kilo moja ya vipande kwa kila lita nne, funika, acha dakika 15. Mchanganyiko huo ukishapokea viazi hutulia kwenye nyuzi 70 hivi. Joto hilo hufanya kazi mbili. Huitoa sukari ya juu, na huamsha kimeng'enya kinachoikaza pektini, yaani gundi inayoshika chembe za kiazi, hivyo kipande hakivunjiki baadaye. Kijiko kikubwa kimoja cha siki kwa kila lita huongeza uimara huo, na harufu yake haibaki. Usiyaache yachemke, maana kiazi kitaanza kupasuka kingo. Chuja, tandaza juu ya kitambaa safi, acha mvuke uishe na uso ukauke kabisa. Maji yaliyobaki juu ya kipande ndiyo yanayorusha mafuta usoni mwako na kupoza karai.

Kukaanga kwa kwanza ni kwa mafuta ya nyuzi 150, dakika tano hivi. Lengo ni kuivisha, si kubadilisha rangi. Kipande kitoke cheupe, kimelegea, kikibonyezwa kionekane kimeiva ndani. Kiache kipoe vizuri, nusu saa au zaidi. Hapo ndipo maji ya katikati yanaposogea kuelekea nje. Kukaanga kwa pili ni mteja akishaagiza: nyuzi 180 hadi 190, dakika mbili mpaka tatu, mpaka dhahabu na sauti ya mafuta ipungue. Ile sauti ni mvuke unaotoka, ikitulia ujue maji ya juu yamekwisha.

Sasa niambie kama sikukosea kukifikiria kibanda chako. Unakaanga karai zima asubuhi, unaziivisha hadi rangi, unazirundika kwenye kabati la kioo chini ya taa, mteja akija unazirudisha kwenye mafuta kidogo zipate moto. Karibu vibanda vyote kuanzia Arusha hadi Moshi hufanya hivi, na naomba mnisikilize wote: wazo ni sahihi kabisa, mpangilio ndio umepinda. Mnakaanga mara mbili tayari! Ila mara ya kwanza mnamaliza safari yote, gamba limeshakauka, halafu kabatini mvuke wa rundo unalilowesha upya, na mara ya pili linanyonya mafuta. Itoe ya kwanza ikiwa nyeupe, itandaze isirundikwe, malizia mbele ya mteja. Muda ni uleule, mkaa ni uleule.

Kama huna kipimajoto, tumbukiza kipande kimoja. Kikizama kisha kikapanda polepole na vipovu vichache, uko karibu na 150. Kikiibuka papo hapo kikichemka kwa fujo, uko karibu na 180. Moshi ukitoka kwenye mafuta, umepitiliza. Ila kipimajoto cha jikoni nunua, kitakuwa kifaa cha thamani kuliko kabati lako la kioo.

Na usijaze karai. Nusu kilo ya viazi kwa lita tatu za mafuta inatosha, hasa kwenye mkaa ambao haurudishi joto upesi. Ukimwaga kilo mbili, mafuta yanapoa na viazi vinachemka badala ya kukaangwa. Karai zito linashika joto vizuri kuliko jembamba. Jambo moja watu hawalijui: chipsi hainyonyi mafuta mengi ikiwa ndani ya karai, kwa sababu mvuke unaotoka unayasukuma nje. Inanyonya ikishatolewa, inapopoa na mvuke wa ndani unapogeuka maji na kuvuta kilichoko juu yake. Kwa hiyo sekunde chache za kwanza nje ya mafuta ndizo za kukung'uta chujio kwa nguvu. Ukiiacha ikidondosha taratibu, umechelewa.

Mafuta: kwa biashara ya kukaanga kutwa nzima, mawese yaliyosafishwa yanavumilia moto kuliko alizeti, kwa sababu mafuta yake hayaharibiki upesi kwa joto na hewa. Alizeti iliyosafishwa inakaanga vizuri na ni nyepesi mdomoni, ila utaibadilisha mapema zaidi. Alizeti ya kukamua mtaani isiyosafishwa ni nzuri kwa mboga, lakini kwa karai la chipsi inatoa povu na moshi mapema. McDonald's wenyewe walikaangia mafuta ya ng'ombe kwa sehemu kubwa hadi mwaka 1990, walipobadilisha kwa sababu ya lawama za kiafya, na wapo wateja wao wa zamani wanaosema ladha haijarudi. Ladha ya mafuta ya ng'ombe kweli ni kubwa, na mabucha ya kwetu wanayo. Lakini ukitaka kuyatumia mwambie mteja, kwa kuwa wapo wasiokula kwa dini au kwa amri ya daktari, na hawana namna ya kujua kwa macho.

Chuja mafuta kila jioni yakishapoa, yafunike yasipate mwanga. Chumvi usiinyunyize juu ya karai hata siku moja, inaharakisha kuharibika. Yakianza kuwa mazito, kutoa povu lisilotulia, kunuka, au kutoa moshi kabla hayajafika joto la kukaangia, yamwage, hata kama ni jana tu umeyanunua. Nchi nyingi za Ulaya zina kikomo cha kisheria cha kiasi kilichoharibika ndani ya mafuta ya kukaangia, kati ya sehemu 24 na 27 kwa 100, na mafuta yaliyofika pale yanaonekana na kunuka hivihivi ninavyokueleza. Na yule atakayekuletea mafuta ya bei ya kutupa yasiyo na lebo, anayosema hayaishi karaini, mfukuze. Huenda ni mafuta ya transfoma za umeme, nayo yana sumu, si chakula cha binadamu.

Chumvi laini inyunyizwe chipsi ikitoka tu, ingali na mng'ao wa mafuta, la sivyo haishiki. Mteja wa kubeba mpe kwenye mfuko wa karatasi wenye mdomo wazi. Kifungashio cha foili chenye kifuniko kinaugeuza mvuke kuwa maji ndani ya dakika chache, ndiyo maana za kubeba hulegea haraka kuliko za mezani. Kachumbari na sosi ziwe kando, mteja achanganye mwenyewe. Na usishindane na muda: McDonald's huhesabu dakika 7 baada ya kukaanga, kisha chipsi hutupwa. Wewe hutatupa, lakini usikaange ya pili kabla mteja hajalipa.

Kwa chipsi mayai usijisumbue hivi. Zege linataka chipsi laini inayonyonya yai, kwa hiyo zile zilizokaangwa mara ya kwanza tu, nyeupe, ndizo zinazofaa. Viazi vyako vilivyoelea kwenye maji ya chumvi pia utavimalizia humo.